Maswali ya Wasomaji: Kutoka darasa la kisomo hadi uprofesa

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nafundisha sekondari ya serikali hapa Moshi Mjini, nina shahada ya ualimu yenye GPA 3.9. Jioni nawafundisha kina mama wa mtaani kusoma na kuandika, na kazi hii imenikaa moyoni. Nikitaka kufika uprofesa wa elimu ya watu wazima nianzie wapi, na ni miaka mingapi? — Mwalimu, Moshi

Mwalimu, GPA unayo. Vyuo vikuu vya umma, vinapoajiri wahadhiri, vinataka isiyopungua 3.8 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye uzamili. Hiyo ya pili ndiyo inayoangusha wengi, kwa sababu mtu anasoma uzamili huku ana vipindi tele shuleni, anapata B mbili tatu, na wastani ukishashuka haurudi. Kwa hiyo omba ruhusa ya masomo kwa maandishi, ipite kwa mkuu wa shule hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na uwe na jibu mkononi kabla hujaripoti chuoni. Aliyeondoka kimyakimya anahesabika mtoro kazini, na doa hilo linabaki kwenye faili.

Ukiwa na uzamili unaweza kuajiriwa Mhadhiri Msaidizi. Uzamivu unakufanya Mhadhiri. Kutoka hapo ni Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, kisha Profesa, na kila ngazi unakaa si chini ya miaka 3. Ukijumlisha miaka 2 ya uzamili, 4 ya uzamivu na 9 ya ngazi hizo, ni miaka 15 kwa asiyepoteza hata mwaka mmoja. Wengi hupoteza. Miaka peke yake haimpandishi mtu: kinachopimwa ni machapisho yaliyohakikiwa na wataalamu wenzako, pamoja na ufundishaji wako.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuhamahama. Mtu ana uzamili wa uongozi wa shule, uzamivu wa saikolojia, makala moja ya kilimo na nyingine ya jinsia. Siku faili lake likifika kwenye kamati, wajumbe wanashindwa kusema huyu ni profesa wa nini. Wewe jambo lako tayari unalo. Anza daftari leo hii: tarehe, waliokuja, walichosoma, neno lililowakwamisha, na aliyekwama alifanya nini. Miaka mitatu ya daftari kama hilo ni mali ambayo mwenzako aliyekaa maktaba tu hana.

Na kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, soma yaliyofanyika nchini. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa Kanda ya Ziwa, mkulima wa pamba akijifunza herufi kwa kitabu kinachozungumzia pamba. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, watu wakisikiliza kwa vikundi na kisha kuchimba vyoo. Hata utafiti shirikishi, yaani ule ambao wenyeji wenyewe wanashiriki kuufanya, na unaofundishwa sasa dunia nzima, mizizi yake mojawapo kubwa ni kazi iliyofanyika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtahini wa hapa nyumbani atakuuliza habari hizi, na nadharia za Ulaya na Marekani peke yake hazitakuokoa.

SWALI: Mimi ni mhadhiri msaidizi, nafanya uzamivu kuhusu madarasa ya watu wazima kwenye vijiji vya mlima Meru. Nilianza Februari na wanakisomo 40, kufika Mei wamebaki 14. Msimamizi anasema takwimu zangu hazifai. Nimekosea wapi? — Usa River

Ndugu, umekosea kalenda kwanza. Machi hadi Mei ni masika, watu wako shambani wanapanda na kupalilia mahindi na maharage. Kwenye kahawa, kuanzia Julai mikono yote iko kwenye kuchuma. Kila siku ya soko darasa linapungua, na mama mwenye ng'ombe wa ndani hawezi kukaa kabla hajakata majani ya jioni. Siku ya kwanza kabisa kaa na wanakisomo, mchore pamoja kalenda ya mwaka na ratiba ya siku, wao ndio wakupangie saa. Darasa la saa kumi jioni ambalo wamelichagua wenyewe litadumu kuliko la saa nane ulilolipanga wewe.

La pili ni daftari la mahudhurio. Vema na sifuri havisemi chochote. Ongeza safu ya sababu, na asiyeonekana vipindi viwili mfululizo mfuate nyumbani wiki hiyohiyo, kwa adabu, ukipitia kwa balozi wa nyumba kumi au mwezeshaji anayemfahamu. Wale 26 walioondoka hawajakuharibia kazi. Ukiwahoji sasa, kabla hawajasahau, unaweza kupata sura nzima ya tasnifu, pengine iliyo nzuri kuliko zote. Zungumza na msimamizi kuhusu kuliweka swali la kuacha masomo ndani ya utafiti. Kama wakianza kukujibu "nilikuwa na shughuli," usiandike hivyo ukaondoka; uliza shughuli gani, saa ngapi, na nani mwingine angeweza kuifanya.

La tatu ni macho, na hili husahauliwa sana. Kuanzia miaka 40 hivi mtu huanza kushindwa kuona vya karibu. Mtazame anayesukuma karatasi mbali hadi mkono unanyooka, au anayegeukia dirisha kutafuta mwanga: huyo anaweza kuwa anazijua herufi, ila hazioni. Ukimpima kusoma kwa maandishi madogo umempima miwani, hukupima kisomo. Chapa maandishi ya jaribio kwa ukubwa wa 16 au 18, ubaoni herufi zifike sentimita 5, na uwe na miwani ya kusomea ya namba mbili tatu tofauti kabla ya jaribio. Angalia na viti. Mzee wa miaka 60 aliyekunja magoti kwenye dawati la darasa la kwanza hamalizi saa nzima.

Mwisho, ridhaa. Kumpa fomu mtu asiyejua kusoma ili aweke sahihi ni kumdhalilisha, na kamati ya maadili itakurudishia kazi. Isome kwa sauti mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, mwambie wazi kwamba anaweza kukataa na bado akabaki darasani, kisha aweke dole gumba. Fanya faragha, si mbele ya darasa lote, na beba kitambaa chenye maji ya sabuni: wino ule ukibaki kidoleni, kila atakayekutana naye njiani atajua kwamba hajui kuandika.

Barua zako nazo zifuate njia yake: chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, ofisa elimu wa watu wazima, kata, kijiji. Piga nakala kila hatua.

SWALI: Ni lazima kuhamia Dar es Salaam ili kusoma au kufundisha chuoni elimu ya watu wazima? — Arusha

Hapana. Chuo Kikuu Huria kina vituo Arusha na Moshi. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii iko Tengeru. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kimetokana na chuo cha ushirika cha mwaka 1963, na kufundisha wanaushirika ni elimu ya watu wazima hata kama tangazo la kazi halisemi hivyo. Soma majukumu yaliyoandikwa kwenye tangazo, usiishie kwenye jina la nafasi.

SWALI: Jarida moja la nje limeniandikia kwamba makala yangu itatoka baada ya siku 5 nikilipa dola 150. Nilipe? — Mhadhiri, Moshi

Usilipe, dada. Uhakiki wa kweli huchukua wiki, mara nyingi miezi, na hurudi na maswali yanayouma. Angalia wahariri ni kina nani na wanafanya kazi wapi, kisha mwandikie mmoja wao kwa anwani ya chuo chake umuulize kama analijua jarida hilo. Soma makala mbili zilizokwisha kutoka; kama zina makosa ambayo mwanafunzi wako wa mwaka wa pili angeyaona, hakuna aliyezisoma. Kamati ya kupandisha vyeo inaweza kuikataa makala hiyo, na ukishaichapisha huko huwezi kuipeleka kwingine.