Kwa nini nyama ya mgongoni, wakati paja lina ngozi?

SWALI: Mdogo wangu aligongwa akiwa kwenye bodaboda. Muundi umevunjika na mfupa uko wazi, juu kidogo ya kifundo. Wameshamsafisha na kumfunga vyuma vya nje. Sasa wanataka kukata nyama mgongoni wafunikie pale, tena keshokutwa. Si wachukue tu ngozi ya paja? Na haraka hiyo ni ya nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, ndugu. Ngozi ya paja huchunwa nyembamba kama karatasi, na haina mshipa wake. Siku mbili za mwanzo huishi kwa unyevu wa kidonda, kisha vijishipa vya chini huipandia. Mfupa uliochubuka utando hauna cha kuipa: ngozi itakauka ibanduke, na mfupa nao ufe. Nyama ya mgongoni huja na ateri na vena zake, ambazo huungwa na za mguu chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Angeumia karibu na goti, wangegeuza tu msuli wa shavu la mguu. Karibu na kifundo hakuna nyama ya kugeuza, ni kano tupu. Pasipo hadubini, wengine huteremsha ngozi ya nyuma ya shavu pamoja na mshipa wake.

Kuhusu haraka: mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 532 wa Marko Godina, daktari mpasuaji wa Ljubljana, Slovenia. Waliofunikwa ndani ya saa 72 tangu kuumia, vipande vya nyama iliyohamishwa vilivyokufa havikufika kimoja kwa mia. Waliocheleweshwa hadi miezi mitatu, 12 kwa mia. Lakini kufunika uchafu ni kufungia usaha ndani. Nyama hai hushtuka ikibanwa na hutoka damu ikikatwa. Isiyofanya hivyo itolewe kwanza, hata ikibidi kurudi chumba cha upasuaji.

Siku mbili za kwanza baada ya kufunikwa ndizo za hatari. Muuguzi hubonyeza kipande kwa kidole. Rangi irudi kwa kama sekunde mbili. Kikiwa cheupe na baridi, ateri imeziba. Kikivimba na kuwa cha zambarau, ni vena. Mwiteni daktari papo hapo, msisubiri raundi ya asubuhi. Sigara asiguse, maana hubana mishipa. Mguu ukae juu ya mto. Kuuning'iniza huanza baada ya kama wiki, dakika tano tano, daktari akiruhusu.

Na paja halijanusurika: nyama ile ikishatulia hufunikwa kwa ngozi hiyo hiyo uliyoitaja.