Maswali Yenu ya Hesabu: Alama ya Kutoa Mbele ya Mabano

SWALI: Hujambo mwalimu. Binti yangu yuko Gredi ya 7. Aliambiwa arahisishe 5x – 2(x – 10), akajibu 3x – 20, akakosolewa. Kwingine aliandika kwamba 3x + 5 ni 8x. Nikijaribu kumsaidia, nami nakwama. Tuanzie wapi?
Mama wa Kondele, Kisumu

JIBU: Sijambo, mama. Anzeni na maana ya herufi. Watoto wengi huambiwa x ni nyanya na y ni kitunguu. Mfano huo hukumbukwa upesi lakini hupotosha baadaye, kwa sababu x si nyanya. Ni namba, tuseme bei ya fungu moja la nyanya. Basi 3x + 5 ni bei ya mafungu matatu na shilingi 5 juu yake, na shilingi 5 haziwezi kugeuka mafungu matano. Hesabu hiyo imekwisha hapo. Kinachomsumbua mtoto ni kuona alama ya kujumlisha imebaki kwenye jibu, akadhani bado hajamaliza.

Sasa mabano, na hapa msiharakishe. Mpeleke soko la Kibuye. Una pesa za mafungu matano, yaani 5x. Unanunua mawili, na muuzaji anakupunguzia shilingi 10 kwa kila fungu, hivyo unalipa 2(x – 10). Umepunguziwa shilingi 20 kwa jumla. Zinazobaki mkononi ni bei ya mafungu matatu pamoja na hizo 20: 3x + 20. Kwenye daftari, –2 huzidisha kila kilicho ndani ya mabano: –2 mara x ni –2x, na –2 mara –10 ni +20. Binti yako alizidisha namba vizuri, ila alama ya kutoa aliiacha nje ya mlango.

Vikiwa vipande vingi, kama 4x + 3y – x + 5 + 2y, azungushie kila kipande duara kwa penseli pamoja na alama iliyo kushoto kwake, na kipande kisihame bila alama yake. x peke yake ni 1x, kwa hiyo 4x – x ni 3x, si 4. Jibu ni 3x + 5y + 5. Tena x na x² havijumlishwi pamoja.

Kisha ajipime mwenyewe. Fungu likiwa shilingi 50, swali linatoa 250 – 80 = 170. Jibu la 3x + 20 linatoa 170 vilevile. 3x – 20 linatoa 130. Asijipime kwa 0, 1 wala 2, kwani huficha makosa: x ikiwa 2, x + x na x mara x zote ni 4.

SWALI: Katika (6x + 4) ÷ 2 nilikata 6 kwa 2, nikapata 3x + 4. Kosa liko wapi?
Mwanafunzi, Njoro, Nakuru

JIBU: Ile 2 inagawanya vyote viwili, 6x na 4, kwa hiyo jibu ni 3x + 2. Jaribu x = 5: 34 ÷ 2 ni 17, lakini jibu lako linatoa 19. Ukiona mkono unakimbilia kukata, andika kwanza 2(3x + 2) ÷ 2, ndipo ukate 2 kwa 2. Kwa sababu hiyohiyo, katika (x + 6) ÷ x usikate x, maana 6 haina x ndani yake.