Goti Linalouma Usiku

Nilikuwa na umri wa miaka 20 goti langu la kushoto lilipoanza kuuma. Kwa kuwa nilicheza mpira karibu kila jioni pale Ujiji, kila mtu, nami nikiwa wa kwanza, alikuwa na jibu tayari: umeteguka. Mjomba alinipeleka kwa mzee mmoja anayechua viungo, akanichua kwa mawese ya moto kwa wiki tatu. Zahanati nilipewa vidonge vya maumivu na kuambiwa nipumzike. Nilipumzika mwezi mzima, lakini uvimbe uliongezeka, na jambo ambalo sikumwambia yeyote, kwa kuona aibu kulalamika kama mtoto, ni kwamba maumivu yalikuwa yakiniamsha saa nane za usiku.

Ndugu yangu kijana, hilo ndilo jambo la kuanza nalo mbele ya daktari. Jeraha la uwanjani kwa kawaida hupungua mtu anapopumzika. Maumivu ya mfupa yanayoendelea wiki baada ya wiki, yanayokuamsha usiku na kuambatana na uvimbe, yanahitaji picha ya eksirei, na una haki ya kuiomba kwa heshima hata kama hujaambiwa. Wakati huo usikubali kuchuliwa.

Ugonjwa wangu unaitwa osteosakoma. Ni saratani inayoanzia ndani ya mfupa wenyewe. Ni nadra, lakini huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kukua, mara nyingi karibu na goti, na hukimbilia mapafuni. Mpira hausababishi ugonjwa huu. Ninalisema hili kwa ajili ya mama yangu, aliyejilaumu kwa miezi mingi kwamba aliniruhusu kucheza, kwa sababu kugongwa humfanya mtu agundue tu uvimbe uliokuwapo tayari.

Eksirei huleta shaka, ila kinachothibitisha ni kipande cha nyama kinachotolewa kwenye uvimbe na kupimwa maabara. Uliza kama kipande hicho kinaweza kuchukuliwa kule kule utakakofanyiwa upasuaji, kwa kuwa njia iliyopitiwa na sindano inaweza kubaki na chembe za saratani, na daktari mpasuaji atalazimika kuiondoa pia. Mimi nilisafiri kwa treni hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, nikiwa na eksirei zangu na barua ya rufaa ndani ya mfuko wa nailoni ambao mama hakuuachia hata tulipopita Tabora usiku.

Kisha nikaambiwa mguu utakatwa juu ya goti. Wapo wagonjwa ambao uvimbe huondolewa na mguu ukabaki, lakini wangu ulikuwa umeshafika kwenye mishipa mikubwa ya damu. Kikao cha ukoo kilifanyika kwa simu, na wakubwa wawili wakasema nirudi nyumbani kwanza, tutafakari. Ninawaheshimu, lakini ushauri huo ungeniua. Saratani hii haikusubiri kikao. Tena kukata peke yake hakutoshi: kabla dawa za kemotherapia, zinazoua chembe za saratani mwilini, hazijaanza kutumika, karibu wagonjwa wanne kati ya watano waliokatwa walifariki baadaye, kwa sababu chembe zilikuwa zimekwisha kufika mapafuni bila kuonekana. Ndiyo maana dripu za dawa hizo huanza kabla ya upasuaji na kuendelea baada yake, nami ninakuomba usizikatishe jeraha linapopona.

Dripu zile ni ngumu. Nilitapika, nywele zikaisha, na dawa moja nyekundu iligeuza mkojo wangu rangi. Hayo yote huvumilika. Homa ndiyo ya kuogopa, kwani kinga ya mwili inakuwa chini sana. Weka kipimajoto kando ya kitanda, na kikifika nyuzi 38 nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke.

Baada ya upasuaji, mguu ambao haupo ulianza kuniuma, kwenye vidole hasa, na usiku kuliko mchana. Nilinyamaza tena, safari hii nikiogopa kuonekana nimerukwa na akili. Siku ya tano nilimweleza muuguzi wa zamu. Akaniambia kwamba maumivu hayo yanajulikana na yana dawa, akamwita daktari, na usiku ule nililala hadi adhana ya alfajiri.