Re: Programu huria ni za mainjinia tu? Jibu kutoka sekretaria ya Bukavu

Mdogo wangu wa Goma, umeuliza kama hizi programu huria (zile kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichungulia ndani na kuzibadilisha) ni mambo ya mainjinia tu, tena mtu anapata nini akizichangia wakati hakuna anayemlipa. Mimi si injinia. Niko na kasekretaria hapa Bukavu upande wa Nyawera, masini (kompyuta) 3 na empirimante (printa) 2, tunaandika TFC za wanafunzi (kazi yao ya kumaliza masomo), CV, barua za kuomba kazi, na betri ya sola pembeni juu umeme wa hapa unaujua mwenyewe. Nakujibu kwa yale nimepitia.

Nilianza kama wote, Windows ya kukraki, Office ya kukraki, kijana anakuja anakuwekea kwa dola kidogo anaenda zake. Kilichonichosha ni virusi. Msimu wa TFC wanafunzi wanapanga mstari mpaka nje, kila mtu na flashi yake, na flashi ya mwanafunzi ni kama noti ya franka 500, imeshapita mikono yote ya mji. Kuna ile virusi ya rakursi (shortcut, njia ya mkato), unafungua flashi unakuta mafolda yote yamegeuka rakursi, ukibonyeza moja nayo inaingia kwa masini yako. Dada mmoja alikuja amebakiza siku 2 aweke kazi yake kwa sekretaria ya shule, akakuta chapta 3 hazipo. Akaniambia, "Papa, hii njo mwaka yangu yote." Nilimrudishia pesa na aibu juu.

Mwezi uliofuata rafiki akaniwekea Linux Mint, mfumo huria unaoendesha masini badala ya Windows, ile nyepesi ya Xfce, sababu masini zangu zilikuwa na memori ya giga 2 tu. Flashi ya kwanza yenye virusi ile ile nikaichomeka, mafaili yote haya hapa! Kumbe virusi haifuti kitu, inabandika alama ya "ficha" kwa mafaili na Windows inaitii, Linux yenyewe haiijali hiyo alama, na virusi yenyewe imeandikwa kwa ajili ya Windows kwa hiyo inakaa pale tu kama jiwe. Maana yake chapta za yule dada labda zilikuwepo muda wote mbele ya macho yangu. Mpaka leo hiyo inaniuma. Sasa wanafunzi wanatoka Kadutu na Panzi kuja kufufuliwa flashi, na ni kazi ya dakika 2.

Lakini usidanganyike, wiki ya kwanza ya LibreOffice, programu huria ya kuandikia badala ya Office, nilitaka kurudi nyuma. Dokima ya kurasa 60 ukiifungua inakuwa 63, jedwali la yaliyomo linasema uongo. Shida ilikuwa mafonti, yaani aina za herufi. Kwa Times New Roman kuna Liberation Serif ambayo upana wa herufi zake ni sawasawa, hiyo haisumbui, ila Calibri na Cambria zinataka Carlito na Caladea, na kwangu hazikuwemo, masini ikawa inachukua fonti yoyote inayoona. Niliziweka, kurasa zikatulia. Kingine badilisha mapema ile sehemu ya kuhifadhi yenyewe, inakuja imewekwa kila dakika 10, mimi niliweka 2, sababu hapa dakika 10 umeme unaweza kwenda mara mbili.

Sasa kuchangia. Watu wanadhani lazima uandike kodi (ya masini, si ile ya serikali). Mimi sijui hata mstari mmoja. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua, nikihifadhi docx (faili ya aina ya Word), direkteri wa mwanafunzi, yule mwalimu anayesimamia TFC yake, akiifungua kwa Word anakuta namba za kurasa zinaanza tena 1 kwa chapta ya pili, halafu lawama zinarudi kwangu. Nikaenda kwa Bugzilla ya LibreOffice, mahali wanapokea malalamiko, nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuombaomba. Ripoti ya kwanza waliifunga siku ileile, eti kuna mtu alishasema. Nilikasirika kidogo, nikasema hawa wanajisikia. Ya pili waliniuliza: toleo gani, hatua gani, tupe faili. Faili ya mteja huwezi kutoa ovyo, kwa hiyo nikafuta jina la mwanafunzi na maandishi yote nikajaza "aaa aaa", nikakata mpaka zikabaki kurasa 2 na shida bado ipo. Hapo wakauliza ilianza toleo gani. Matoleo ya zamani yote yanahifadhiwa kwa mtandao wao, moja ni karibu mega 200, nikanunua forfe (bando la intaneti) ya usiku nikashusha 4, nikajaribu moja moja mpaka nikaona lile zuri la mwisho na lile bovu la kwanza. Kumbe hiyo njo kazi yenyewe! Mtu nisiyemjua akarekebisha, nikaipata kwa toleo lililofuata.

Pesa? Hakuna. Ila dokima zangu hazirudi tena na kelele. Halafu shirika moja la hapa liliposikia lilinipa masini zao 6 niziweke sawa, hizo walilipa. Na sisi tuko na bahati, Richard Stallman, yule Mmarekani aliyeanzisha harakati ya programu huria, alipoanza mradi wake wa GNU 1983 ilibidi aeleze na aeleze tena sababu Kiingereza kinachanganya huru na bure kwa neno moja, "free", Kiswahili hakina hiyo shida.

Masini yangu moja bado iko na Windows, sababu mteja mmoja wa shule anatumia programu ya hesabu isiyofanya kwingine. Anayekuambia Linux inafanya yote anakuuzia maneno. Na empirimante, kabla hujanunua tafuta kwanza kama ina draiva (kaprogramu ka kuiendesha) ya Linux, mimi nilitupa dola 90 hapo. Ukiwa na mtu anayepanda boti kuja huku mpe flashi ya giga 4 aniletee, nikukopie Mint uijaribu bila kufuta kitu.