Pazia la hewa mlangoni: mlango kwanza, asilimia baadaye

Vijana wangu, faili zenu za EnergyPlus, programu ya kukokotoa nishati ya majengo, zimeanza tena kuja na kosa lile lile. Duka zima limepewa thamani moja ya upenyaji wa hewa (hewa ya nje inayojiingiza ndani), kisha ikazidishwa kwa 0.2 na pembeni pakaandikwa "pazia la hewa", yaani feni ya mlangoni inayopuliza mkondo wa kuzuia hewa ya nje. Jamani, hapana.

1. Thamani mliyoikuta kwenye kiolezo, faili la mfano mnaloanzia, ni ya nyufa za kuta, madirisha na mlango uliofungwa. Pazia halizibi nyufa. Kazi yake ni pale mlango unapokuwa wazi, na hewa ya mlango ulio wazi haimo kwenye namba hiyo. Mnapunguza kisichoguswa na pazia, na kinachoguswa hamjakiweka.

Chukueni duka la Dar es Salaam lenye mlango wa mita 2 kwa 2.1, yaani 4.2 m². Tofauti ya shinikizo ikiwa 4 Pa na mgawo wa mtiririko 0.6, mlango wazi hupitisha karibu 6.5 m³ kwa sekunde. Ukiwa wazi asilimia 10 ya saa, wastani ni 0.65. Nje pakiwa 32°C na unyevu asilimia 70, ndani 24°C na asilimia 50, hewa hiyo inakipa kiyoyozi karibu kilowati 6 za joto na kilowati 23 za unyevu. Anayetazama nyuzi joto peke yake huku pwani ataukosa mzigo mkubwa kuliko wote, halafu ataandika kwamba pazia halina faida!

Kwa hiyo ongezeni ZoneInfiltration:DesignFlowRate (kipengele cha EnergyPlus cha kuingiza upenyaji) ya pili, ya mlango peke yake, yenye ratiba inayofuata wateja. Punguzo la pazia liguse hiyo tu.

2. Vigawo. Kipengele hicho huzidisha mtiririko kwa vigawo vinne: A ya kudumu, B ya tofauti ya joto, C ya kasi ya upepo na D ya mraba wa kasi hiyo. Mkiacha A=1 na vingine sifuri, mtiririko haujui kama kuna upepo. Mkitumia 0, 0, 0.224, 0, kumbukeni 0.224 inarudisha 1 kwa upepo wa 4.47 m/s. Mtiririko uliokokotolewa kwa upepo mwingine unadai C yake: 1 gawanya kwa upepo huo.

3. Mkiwasha AirflowNetwork, sehemu ya EnergyPlus inayokokotoa mtiririko kutokana na shinikizo, kwa chaguo la MultizoneWithoutDistribution, ZoneInfiltration na ZoneMixing (hewa inayohama kati ya zoni, yaani sehemu za jengo) zote zinapuuzwa, na simulesheni inakwenda hadi mwisho kama kawaida. Nyufa na mlango vijengwe upya humo ndani. Pazia linaingia kwa kushusha mgawo wa mtiririko wa mlango.

4. Punguzo si la kudumu. Shinikizo likizidi nguvu ya mkondo wa pazia, hewa ya nje inaupasua na kuingia. Tumieni EMS, sehemu ya EnergyPlus ya kuandika amri za udhibiti, kwa kiendeshi cha Zone Infiltration, mpunguze faida upepo unapopanda. Msimamizi akidai asilimia moja ya mwaka mzima, mwonyesheni saa zenye upepo mkali.

5. Mtiririko wa feni ya pazia si hewa ya nje. Mashine nyingi hunyonya hewa ya ndani na kuirudisha. Msiuingize kama upenyaji. Umeme wa feni uwekeni kama kifaa ndani ya zoni, kwa ratiba yake, maana joto la mota linabaki dukani. Wati zichukueni kwenye jaribio la AMCA 220, kiwango cha kupima mapazia ya hewa maabara. Kipasha joto, kwa Dar, kifuteni.

Mwisho endesheni modeli tatu: mlango bila pazia, mlango na pazia, na mlango uliofungwa siku nzima. Akiba ya pazia ikizidi tofauti kati ya modeli ya kwanza na ya tatu, rudini kwenye namba 1 kabla ya kunitumia faili.