Koti la kafa ulaya

Mmeuliza wiki hii: kifo cha mtu mashuhuri kimewahi kukufanya ujitazame upya? Kimewahi, tena bila kutegemea.

Mzee Ali Hassan Mwinyi, rais wa pili wa Tanzania, alifariki Alhamisi, 29 Februari 2024, akiwa na miaka 98. Habari ilinikuta hapa Mwanjelwa, Mbeya, nakunja suruali nifunge kibanda. Nikakaa juu ya belo la mitumba, machozi yakanitoka. Nilijishangaa, maana kwetu mzee huyo hakupendwa.

Baba yangu alikuwa karani wa duka la ushirika, Tukuyu. Enzi za foleni, watu wanafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, yeye ndiye aliyeshika daftari la sukari. Kila mtu alimwamkia kwa heshima (wengine, nadhani, waliiamkia sukari). Mwinyi akashika nchi 1985, akafungulia biashara, watu wakamwita Mzee Ruksa. Bidhaa zikarudi, lakini zikarudi kwa wafanyabiashara binafsi. Duka la baba likabaki na majembe na buibui, halafu likafungwa. Tangu hapo redio ikimtaja Mzee Ruksa, baba anaizima. Nami nikakua na kinyongo hicho hicho, kama mtoto anavyorithi shamba.

Na huku nakula kwa ruksa hiyo. Mitumba ndiyo imesomesha wanangu watatu. Katika belo langu la kwanza nilimchagulia baba koti zito la sufu, la kahawia, maana baridi ya Tukuyu mnaijua. Akaligeuzageuza, akakagua mifuko, akasema, "Kafa ulaya," jina la zamani la mitumba, kana kwamba mwenye nguo alifia Ulaya. Kisha akalivaa. Alilivaa miaka kumi na moja, hadi kola ikatoka nyuzi, na redio aliendelea kuizima akiwa ndani ya koti hilo hilo. Hatukulizungumza hata siku moja. Mimi nilimnunia mtu kwa ajili ya baba, kumbe baba mwenyewe alishalivaa jambo lenyewe, anasubiri mmoja wetu acheke.

Baba alipofariki sikulia. Nilihangaika na masufuria, mchele na wageni wa kulala.

Jumamosi ile Mzee Mwinyi alipozikwa Mangapwani, Zanzibar, tulitazama kwenye runinga ya jirani yangu, muuza vyombo. Akaniona najifuta kwa ncha ya kanga.

"Kumbe mwenzetu ulimpenda sana Mzee Ruksa?"

Nikamwambia ndiyo. Ningeanzia wapi?

Mama wa mitumba, Mwanjelwa