Kuhamisha Picha Si Kuzitunza

Swali: Habari za kazi, fundi. Niko Arua. Simu yangu ilijaa, nikahamishia picha zote tangu 2017 kwenye memori kadi ya GB 512 niliyonunua shilingi 35,000. Humo mna picha za harusi yangu na picha za mwisho za baba kabla hajafariki. Sasa nyingine zinafunguka nusu, sehemu ya chini ni kijivu, na simu inasema nifomati kadi. Fundi wa hapa mjini anasema nikubali kufomati, kisha ataziokoa kwa programu kwa shilingi 80,000. Nikubali? Na wewe unatumia programu gani?

Jibu: Pole sana kwa kumpoteza baba, mama. Usikubali. Zima simu, toa kadi, iweke mahali pakavu na usiirudishe kwenye simu yoyote, hata kwa "kuangalia tu". Kufomati si hatua ya kuokoa picha. Mara nyingine hufuta ile orodha tu inayoonyesha picha ipi iko wapi, mara nyingine hufuta kila kitu, na huwezi kujua litakalotokea mpaka limeshatokea. Fundi anayeanzia hapo anacheza kamari na picha za mzee wako.

Kazi inavyotakiwa kwenda ni hivi. Kadi inaingizwa kwenye ile kava yake ya plastiki ya kompyuta, kile kitelezi kidogo cha ubavuni kinasukumwa upande wa kufunga ili kompyuta isiandike chochote juu yake, kisha kinachukuliwa kivuli kizima cha kadi, yaani nakala ya kila kilichomo, baiti kwa baiti, na kuwekwa kwenye diski nyingine. Kuanzia hapo kadi yenyewe haiguswi tena. Fundi anatafuta picha ndani ya kile kivuli. Mimi hutumia PhotoRec, na programu hiyo ni ya bure. Majina ya faili hupotea, utazipanga upya kwa macho yako, lakini picha iliyopo nzima kwa kawaida hutoka. Kumlipa fundi kwa muda na uangalifu wake ni haki yake. Anayekuambia unalipia "programu maalumu" ambayo hakuna mwingine aliye nayo anakudanganya.

Lakini sikufichi, hiyo bei inanitia wasiwasi. Kadi halisi ya GB 512 haiuzwi shilingi 35,000. Ndani ya kila kadi kuna kichipu kinachoiambia simu ukubwa wake, na matapeli hukipanga upya kiseme uongo. Kadi ya GB 16 inajitangaza kuwa na 512, simu inaamini. Picha za mwanzo zinaandikwa vizuri. Nafasi ya kweli ikiisha, zinazofuata hutupwa au huandikwa juu ya zile za kwanza, wala simu haikupi onyo lolote. Majina yote unayaona kwenye orodha, hata vile vipicha vidogo unaviona, kwa sababu simu imevihifadhi kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Ukigusa kimoja kifunguke ndipo unakutana na kijivu. Kama kadi yako ni ya aina hiyo, picha nyingine hazikuwahi kuandikwa humo, na hakuna programu duniani itakayotoa kisichokuwamo.

Kwa hiyo usiitegemee kadi peke yake. Ingia kwenye Google Photos, ile hifadhi ya picha ya mtandaoni, kwa akaunti uliyokuwa ukitumia 2017, hata kama ni ya simu ya zamani, uangalie mpaka kwenye pipa la taka. Picha iliyokuwa imehifadhiwa huko hukaa humo siku 60 kabla ya kufutika kabisa. Halafu waombe ndugu picha za harusi na za mzee ulizowahi kuwatumia kwa WhatsApp. Zitakuwa zimepunguzwa ubora, lakini uso wa baba utaonekana.

Sasa lile linaloniumiza kila siku hapa Kampala. Mteja anaketi mbele yangu na kuniambia, "Nilizihifadhi, nilihamishia kwenye flashi." Kuhamisha ni kubadilisha mahali. Picha ilikuwa moja kwenye simu, sasa ni moja kwenye flashi, na flashi ni rahisi kupotea kuliko simu. Neno nakala lina maana kwamba ile ya kwanza bado ipo. Kama ulifuta ya kwanza, huna nakala, una picha moja iliyohama nyumba.

Na wengine huanguka upande wa pili: wamewasha Google Photos, simu inajaa, wanafuta picha humohumo kwenye programu wakidhani za mtandaoni zitabaki. Hazibaki. Ukifuta humo, inafutika simuni na mtandaoni pia. Kuna sehemu maalumu ya kupunguza mzigo wa simu, nayo huondoa simuni zile tu zilizokwisha kupanda mtandaoni. Kumbuka pia kwamba tangu Juni 2021 kila picha inayopanda inahesabiwa kwenye zile GB 15 za bure. Zikijaa, picha mpya haziendi popote, na watu hukaa miezi bila kulitambua hilo.

Kijana mmoja aliniletea simu iliyoingia maji. Kabla yangu alipita kwa fundi mwingine, na fundi huyo akairudisha simu katika hali ya kiwandani "ili iamke". Iliamka, ikawaka vizuri kabisa, tupu. Simu mpya zinazotoka na Android 10 au zaidi hufunga data zake kwa ufunguo ulio ndani ya simu yenyewe, na kuirudisha kiwandani huuharibu ufunguo huo. Nilimrudishia simu yake bila kumtoza kitu. Yule fundi wa kwanza alikuwa amemwahidi kwamba picha "zitarudi zenyewe".

Ukipata zako, mama, ziweke mahali patatu: simuni au kwenye kompyuta, kwenye hadi diski, na nyingine nje ya nyumba yako. Najua bando ni ghali, na ushuru wa asilimia 12 juu ya data tangu 2021 haujasaidia. Basi pandisha mtandaoni zile za mzee na za harusi peke yake, na hadi diski ya pili mpelekee dada au kaka anayeishi mji mwingine, maana mwizi au radi haichagui kifaa kimoja ndani ya nyumba. Kadi au flashi yoyote mpya, kabla ya kuiamini, mwombe mwenye kompyuta aijaze kwa H2testw au F3, programu za kupima kadi, kisha isomwe yote. Kwa kadi kubwa kazi hiyo ni ya saa nyingi, iache usiku kucha. Na kabla ya kufuta chochote simuni, fungua picha kumi au ishirini kutoka kwenye kila nakala, uzitazame zikiwa kubwa, mpaka chini kabisa.